Elimu na Malezi ya Watoto wa Matajiri wa Karafuu: Sharia Ilisema Nini, na Ada Ikafanya Nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, tunapozungumzia malezi mara nyingi hukimbilia kutaja chuo na skuli: mtoto anasoma wapi, amefika juzuu ya ngapi, mwalimu wake ni nani. Ni mara chache tunajiuliza nyumba yenyewe inamfundisha nini. Nani humpikia na kumfulia? Nani huamrisha na nani huamrishwa? Nani hupewa kitabu na nani hunyimwa? Mtoto huyasoma haya kabla hajaijua alifu.

Katika makala hii tumeona ni vyema tuitazame jamii moja ya karibu yetu, nayo ni ya watoto wa wenye mashamba ya karafuu wa Unguja katika karne ya 19. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni jamii ya Kiislamu iliyokuwa na mali nyingi, makadhi na wanavyuoni, na kwa hiyo tunaweza kuipima kwa mizani ya Sharia. Pili, mji wetu wa Dar es Salaam uliasisiwa na mmoja wa watoto hao, Sayyid Majid bin Said, aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860. Tutaeleza kwanza hali ilivyokuwa, kisha tutatenganisha yaliyotokana na Sharia na yaliyotokana na ada. Si kila lililofanywa na Waislamu ni Uislamu, na si kila ada ya wazee wetu ina dalili.

MASHAMBA NA NYUMBA ZAKE

Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vikitawaliwa na Wafaransa. Anayetajwa zaidi katika habari hiyo ni Saleh bin Haramil al-Abri, na shamba lake la Kizimbani baadaye liliingia mikononi mwa mtawala. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar tangu mwaka 1806 hadi alipofariki baharini mwaka 1856, ndiye aliyeifanya karafuu kuwa zao kuu. Aliwahimiza matajiri wapande mikarafuu, naye mwenyewe akawa na mashamba 45 kisiwani. Katika miaka michache misitu ya Unguja ikageuka mashamba.

Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, kisha huanikwa juani. Kazi hiyo inataka watu wengi, na watu hao walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Shambani walisimamiwa na nokoa. Nyumbani kwa tajiri kulikuwa na watumwa wengine: wapishi, wachotaji maji, washonaji, mayaya na matowashi. Kwa hiyo mtoto wa tajiri alizaliwa katika nyumba ambayo karibu kila mkono uliomgusa ulikuwa mkono wa mtumwa.

Kasri ya Mtoni, iliyojengwa ufukweni kaskazini ya mji, ilikuwa na watu wapatao elfu moja, watumwa wakihesabiwa. Uani kulikuwa na paa, tausi na mbuni wakitembea. Mbele ya Sayyid Said ilibidi kusemwa Kiarabu, lakini akigeuka tu zilisikika lugha nyingi: Kiswahili, Kihabeshi, Kituruki, Kiajemi na nyinginezo.

SHAHIDI WETU NI NANI?

Haya tunayajua zaidi kwa maelezo ya Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri hiyo ya Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi. Bibi Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akaingia Ukristo huko Aden mwaka 1867 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Huenda msomaji akauliza: vipi tumtegemee mtu aliyeacha dini? Jibu ni kwamba hapa hatuchukui kwake hukumu ya Sharia. Tunachukua habari za nyumba aliyozaliwa na kulelewa ndani yake, na wanahistoria wamezilinganisha habari hizo na maandishi ya mabalozi, wafanyabiashara na wasafiri wa wakati huo. Aliandika akiwa mbali na kwao, baada ya miaka 20 hivi, na akiwa na wasomaji wa Ulaya mbele yake. Hilo tunalizingatia. Hata hivyo hakuna mwingine aliyetuachia habari za ndani za malezi ya nyumba hizo kwa upana kama wake.

MAZIWA YA YAYA

Mtoto wa tajiri alipozaliwa alikabidhiwa kwa mnyonyeshaji na mayaya. Waliomnyonyesha walikuwa wanawake watumwa, Wahabeshi au watu wa bara. Walimwogesha, walimvisha hirizi, walimbembeleza, na usiku walimsimulia hadithi za simba, chui, tembo na wachawi. Kwa kweli, ulimi wa kwanza wa mtoto huyo ulikuwa wa yaya wake.

Hapa Sharia ina neno zito. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 23, Allah (s.w.) amewataja mama walionyonyesha na dada wa kunyonya pamoja na maharimu wa nasaba. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa kunyonya huharimisha kile kinachoharimishwa na nasaba. Mafakihi wamekhitalifiana juu ya kiasi: kwa Mashafii ni manyonyo matano yaliyo kamili, na kwa Mahanafi na Wamaliki hata kidogo kinatosha, alimradi iwe ndani ya umri wa kunyonya. Lakini hawakukhitalifiana kuwa maziwa ya mwanamke mtumwa yana hukumu ile ile ya maziwa ya mwanamke huru. Kwa hiyo mwana wa Sayyid aliyenyonya kwa mtumwa alikuwa na mama pale jikoni, na watoto wa mama yule walikuwa ndugu zake wa kunyonya.

Ni kweli kwamba kwa jumhuri ya wanavyuoni udugu wa maziwa haukuwa ukimwacha mtumwa huru kwa wenyewe. Lakini uliweka heshima. Tunajua katika Sira kuwa Thuwayba, aliyemnyonyesha Mtume (s.a.w.) siku za mwanzo, alikuwa mjakazi wa Abu Lahab, na wasimulizi wa Sira wanaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) aliendelea kumpelekea zawadi kutoka Madina mpaka alipofariki. Ummu Ayman, aliyemlea baada ya mama yake kufa, alikuwa mtumwa wa baba yake. Mtume (s.a.w.) alimwacha huru na akimhesabu kuwa ni mama yake baada ya mama yake. Huo ndio mfano waliokuwa nao matajiri wa Unguja. Waliotaka kuufuata waliufuata, na wengine walimsahau yaya mara tu mtoto alipoacha ziwa.

MTOTO WA SURIA

Sayyid Said aliacha watoto 36 waliokuwa hai, na wote walizaliwa na masuria. Mkewe wa ndoa, Sayyida Azza binti Seif, hakubahatika kupata mtoto. Sayyid Majid, mama yake alikuwa Mcherkesi. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa Mhabeshi. Hakuna aliyesema kwamba utumwa wa mama zao uliwazuia kutawala au kurithi.

Jambo hili halikutokana na ukarimu wa mtu. Ndiyo hukumu ya Sharia: mtoto wa bwana kwa suria wake, akimkubali kuwa ni wake, huzaliwa huru, huchukua nasaba ya baba yake na hurithi sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Mama naye huwa ummu walad. Tangu zama za Sayyidna Umar (r.a.), madhehebu manne yameshika kuwa hauzwi wala hatolewi zawadi, na bwana wake akifariki huwa huru. Tuikumbuke hukumu hii, kwani tutaihitaji tutakapovuka bahari kwenda Marekani.

CHUONI

Mtoto alipofika miaka sita au saba alianza kusoma. Katika kasri ya Mtoni chuo kilikuwa kwenye roshani iliyo wazi, njiwa na kasuku wakiingia na kutoka watakavyo. Watoto waliketi juu ya mkeka na msahafu ukawekwa kwenye marufaa. Mwalimu, aliyeletwa kutoka Oman, alikuwa mkali na bakora yake ilikuwa karibu. Walisoma Qur'ani, wakahifadhi sura na dua, na wakafundishwa hesabu kidogo. Nje ya chuo, wavulana kwa wasichana walifundishwa kupanda farasi tangu wadogo.

Lakini palikuwa na mpaka. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma tu.

Bibi Salme alipohamia Beit al-Watoro, nyumba ya kaka yake Majid, alijifunza kutumia upanga na mkuki, na kupiga shabaha kwa bunduki na bastola. Hakuna aliyeona ajabu kubwa. Mkono ulioruhusiwa kushika bastola ulikatazwa kalamu! Basi alijifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao wakati huo ulitumika badala ya ubao, akawa ananakili herufi za msahafu moja baada ya nyingine, bila ya mwalimu. Alipoona ameanza kuweza lakini mwandiko haujakaa sawa, alimtafuta mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa mmoja wa watumwa wao wenye elimu.

Tuzingatie hapo, ndugu msomaji. Katika nyumba ile mtumwa mwanamume alikuwa na kalamu, kwa sababu bwana alihitaji mtu wa kumwandikia barua na hesabu. Binti wa mtawala hakuwa nayo, ingawa akiwa na umri wa miaka 12 alihesabiwa kuwa mkubwa na kupewa mali yake mwenyewe, likiwemo shamba. Angewezaje kusimamia shamba asilojua kuandika hesabu zake? Kila mwenye mali asiyejua kuandika hubaki mikononi mwa wanaojua.

JE, KATAZO HILI LINA DALILI?

Walioshika ada hii waliitegemeza kwenye riwaya inayonasibishwa na Bibi Aisha (r.a.), yenye maana kwamba wanawake wasikalishwe vyumba vya juu wala wasifundishwe kuandika. Riwaya hii imo katika Mustadrak ya al-Hakim, naye aliihesabu kuwa sahihi. Lakini Imamu adh-Dhahabi alimrudi, akasema ni ya kuzuliwa, kwani katika sanadi yake yumo Abdul-Wahhab bin adh-Dhahhak, ambaye wataalamu wa Hadithi wamemtuhumu kwa uongo. Ibnul-Jawzi naye ameiweka katika kitabu chake cha Hadithi za kuzuliwa.

Kinyume chake ipo Hadithi ya Bibi Shifaa binti Abdillah (r.a.), waliyoipokea Abu Dawud na Ahmad. Mtume (s.a.w.) alimkuta kwa Bibi Hafsa (r.a.), akamtaka amfundishe kisomo cha kutibu ugonjwa wa ngozi kama alivyomfundisha kuandika. Basi Bibi Hafsa, Mama wa Waumini, alifundishwa kuandika, na Mtume (s.a.w.) alilijua hilo na akalikubali. Tena nyumbani kwa Bibi Hafsa ndipo zilipohifadhiwa kurasa za Qur'ani baada ya kufariki baba yake, Sayyidna Umar (r.a.).

Na ipo Hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya watu watatu wenye ujira mara mbili. Mmoja wao ni mwenye mjakazi akamfunza akamfunza vyema, akamtia adabu njema, kisha akamwacha huru na kumuoa. Imamu Bukhari aliiweka Hadithi hii katika Kitabu cha Elimu, chini ya mlango wa mtu kumfundisha mjakazi wake na watu wa nyumbani kwake. Hoja yake ni nyepesi kuiona: ikiwa kumfundisha mjakazi kuna ujira wa namna hiyo, binti wa mtu ni wa mbele zaidi.

Wako waliosema: tuiache riwaya, lakini kalamu kwa mwanamke ni mlango wa fitina, na kufunga milango ya maovu ni katika misingi ya fiqhi. Tena wanaweza kumtaja Bibi Salme mwenyewe. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid, aliyekuwa akiandika barua za njama hizo alikuwa binti huyu wa miaka 15. Njama zikavunjwa kwa msaada wa Waingereza, watu wakafa, na Barghash akapelekwa Bombay. Je, hii si hoja dhidi ya kalamu?

Tunasema si hoja. Barghash pia alikuwa na kalamu, na hakuna aliyesema wavulana wa Unguja wakatazwe kuandika kwa sababu yake. Kanuni ya kufunga milango hutumika pale njia inapoelekea zaidi kwenye uovu kuliko kheri. Haitumiki kuondoa kheri iliyothibiti kwa sababu ya mtu mmoja. Ama kuondoka kwake mwaka 1866, yeye na yule Mjerumani walifahamiana kwa kuwa nyumba zao zilipakana. Kalamu haikuhusika.

Isitoshe, ada hii haikuwa ya pwani nzima. Mwaka 1858, katika miaka ile ile, Mwana Kupona binti Msham wa visiwa vya Lamu alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa nasaha ambao umehifadhiwa mpaka leo. Huyo alikuwa mama wa Kiislamu aliyemrithisha bintiye elimu kwa utungo. Basi hata kwa kipimo cha ada hakukuwa na ada moja. Na kanuni ya mafakihi kwamba ada huhukumu ina sharti lake: isigongane na nassi.

Matokeo ya ada hiyo yalidumu. Sayyid Barghash alileta mtambo wa kupiga chapa, na tangu mwaka 1880 vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi vikachapishwa Unguja. Lakini skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927 tu. Kati ya hapo kizazi baada ya kizazi cha mabinti wa Kiislamu walisoma msahafu bila ya kuweza kuandika majina yao.

UPANDE WA PILI: KUSINI MWA MAREKANI

Ili tuone vyema nguvu ya Sharia na upungufu wa watu, tuilinganishe Unguja na nchi nyingine ya mashamba ya zama hizo. Kulinganisha huku si kwa kulazimisha. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kitambaa tunachokiita marikani hata leo kililetwa na merikebu za huko. Kilifumwa katika viwanda vya kaskazini kwa pamba iliyolimwa zaidi na watumwa wa kusini. Mtumwa wa Unguja alijifunga nguo iliyotoka katika jasho la mtumwa wa Georgia.

Huko kusini, katika majimbo kama Virginia, South Carolina na Georgia, mtoto wa mwenye shamba kubwa naye alinyonyeshwa na kulelewa na mwanamke mtumwa. Alifundishwa nyumbani na mwalimu wa kuajiriwa, mara nyingi kutoka kaskazini. Wavulana wakaenda vyuo vikuu kama kile cha Virginia kilichofunguliwa mwaka 1825, na wasichana wakafundishwa kusoma, kuandika, muziki, Kifaransa na kutarizi. Katika jambo la kalamu, binti wa tajiri wa Virginia alimzidi binti wa tajiri wa Unguja. Huu ni ukweli na hatuna haja ya kuuficha.

Lakini tazama mengine. Sheria ya Virginia ya mwaka 1662 iliamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Kwa hiyo mtoto wa bwana kwa mwanamke mtumwa alizaliwa mtumwa wa baba yake mwenyewe! Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, anakubaliwa na wanahistoria wengi kuwa alizaa na mtumwa wake, Sally Hemings, na watoto wale walizaliwa watumwa. Kwa hukumu ya Sharia wangekuwa huru tangu kuzaliwa na wangerithi. Na maziwa ya yaya hayakuweka undugu wowote: aliyemnyonyesha mtoto wa bwana aliweza kuuzwa mnadani, na mtoto akirithi akamuuza mwenyewe.

Na juu ya kalamu, huko sheria yenyewe iliingia. South Carolina ilikataza mwaka 1740 kumfundisha mtumwa kuandika. Georgia mwaka 1829, North Carolina mwaka 1830 na Virginia mwaka 1831 zikafuata kwa makatazo yao. Walijua kuwa mtumwa akisoma hatatawalika.

Allah (s.w.) alitaka ionekane kuwa miongoni mwa watumwa hao walikuwamo waliosoma kuliko mabwana zao. Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro huko Afrika Magharibi, alifikishwa Charleston mwaka 1807. Alipotoroka na kufungwa jela aliandika Kiarabu ukutani kwa makaa, na mwaka 1831 akaandika habari za maisha yake, akizifungulia kwa Suratul-Mulk. Katika kisiwa cha Sapelo, Georgia, Bilali Muhammad aliacha kijitabu cha Kiarabu chenye mambo ya udhu na swala, kilichotokana na Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu mashuhuri cha fiqhi ya Kimaliki. Watoto wa bwana wa shamba lile walizungukwa na watumwa, na miongoni mwao alikuwamo mtu wa fiqhi.

YALIYOKWENDA KINYUME KWETU

Tukiishia hapo tutakuwa tumejisifu kwa nusu ya ukweli. Watu wengi waliofikishwa Unguja hawakuwa mateka wa vita halali kwa masharti ya mafakihi. Walikuwa watu huru waliotekwa vijijini mwao, na wengine watoto. Katika Hadithi al-Qudsi aliyoipokea Bukhari, Allah (s.w.) amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Matowashi waliowalinda watoto na kuwafundisha farasi walikuwa wamehasiwa, na wanavyuoni wamekubaliana kuwa kumhasi binadamu ni haramu. Nyumba ilisimamisha swala tano na kukhitimisha watoto, huku milango yake ikilindwa na watu waliofanyiwa dhulma iliyo wazi.

Mtoto aliyekulia humo alijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Chuoni alijifunza kuwa watu wote ni wana wa Adam. Uani alijifunza kuwa wako watu wa kuamrishwa tu. Somo la pili halikuwa na msahafu wala mwalimu kutoka Oman, lakini lilisomeshwa kila siku, na ndilo lililokaa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa ukafutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakangoja mpaka mwaka 1909. Mazoea ya nyumbani yaliishi zaidi ya sheria hizo zote.

NYUMBA ZETU LEO

Alhamdulillah, leo hakuna mtumwa Temeke wala Kinondoni. Lakini katika nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta yuko dada wa kazi. Ni binti huru, amekuja kutoka mkoani, mara nyingine akiwa na umri ambao mtoto wetu bado yuko darasani. Huamka kabla ya wote, huwaandaa watoto, huwapeleka madrasa na juzuu zao mkononi, na hukaa nje kuwangoja. Watoto wanasoma Yasin, naye hajui Alhamdu vizuri. Anawabebea kitabu asichofundishwa kukisoma.

Hukumu yake si ya mtumwa. Yeye ni mwajiriwa, na mkataba wake katika fiqhi ni ijara: kazi ijulikane, ujira ujulikane, na ulipwe kwa wakati. Katika Hadithi ile ile ya watu watatu tuliyoitaja punde, wa tatu wao ni aliyemwajiri mtu akaitimiza kazi yake, asimpe ujira wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na imekataza kazi za kumnyonya mtoto. Lakini zaidi ya ujira iko haki ya udugu. Mtume (s.a.w.) aliwataka Masahaba wawalishe wanaowatumikia katika wanachokula na wawavishe katika wanachovaa, na wasiwatwishe wasiyoyaweza. Haya aliyasema juu ya watumwa. Je, kwa binti huru wa Kiislamu? Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 na hakusikia kwake hata neno la kuchukizwa.

Kwa hiyo tunawausia maimamu na walimu wetu wa madrasa mambo matatu. La kwanza, liwekwe darasa la akina dada wa kazi, hata saa moja tu baada ya Alasiri, pale pale wanapowangoja watoto. Wafundishwe kusoma Qur'ani, udhu na swala, na kuandika kwa asiyejua. Mateka wa Badr waliokosa fidia walifundisha watoto wa Madina kuandika, na ndiyo ikawa fidia yao. Mtume (s.a.w.) hakuidharau elimu kwa sababu ya mkono unaoitoa. Nasi tusiudharau mkono unaoipokea.

La pili, wazazi wakumbushwe kwamba mtoto anayemwita dada wa kazi kwa makelele, au kumrushia nguo afue, tayari ameshafundishwa, na mwalimu wake ni sisi. Suratun-Nur, aya ya 58, imewataja wanaotutumikia pamoja na watoto wetu katika adabu moja ya kubisha hodi nyakati tatu. Ndani ya nyumba wote wana adabu ya kufundishwa na heshima ya kulindwa.

La tatu, tuzipime ada zetu. Kila tunapomzuia binti jambo la elimu kwa jina la dini, tuulize: iko wapi nassi, na sanadi yake ikoje? Ada ya Unguja ilisimama juu ya riwaya ya mtu aliyetuhumiwa kwa uongo, na mfupa wa bega la ngamia ukalazimika kufanya kazi ya mwalimu.

Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, tujikinge sisi na watu wa nyumbani kwetu na Moto. Watu wa nyumbani ni wale tunaolala nao chini ya paa moja, na yule anayelala chumba cha uani yumo. Tunamuomba Allah atupe taufiki ya kuwafundisha wote. Wallahu aalam.